Gemu za Kuhimili Mawimbi: Ipi Inafaa Nyumba ya Lamu

Gemu ya mawimbi, ile ambayo maadui huwajia kwa mafungu, haipimwi kwa wingi wa maadui. Inapimwa kwa kile inachowalazimisha wachezaji kugawana. Kila mtu akiwa na risasi zake, pesa zake na roho zake (yaani nafasi zake za kufa na kurudi), mnakuwa watu wanne kwenye chumba kimoja, kila mmoja akipigana vita vyake, na raha inaisha kabla ya wimbi la kumi. Lakini gemu ikiwapa kapu moja la roho, au mfuko mmoja wa kujengea, au ikimfanya mwenye pesa nyingi amnunulie bunduki aliyekufa, hapo watu huanza kuitana, kupangana na kulindana. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza.

Kwa mchezaji wa Lamu kipo na cha pili, ambacho hakiandikwi kwenye jalada la gemu yoyote. Umeme ukikatika, mnapoteza nini? Wi-Fi inapenya ukuta wa mawe ya matumbawe, au inaishia kwenye kizingiti? Na adhana ya isha ikiadhiniwa, gemu inawaachia nafasi ya kusimama, au inawaadhibu?

Kwa asiyeijua aina hii: mko upande mmoja, wawili hadi sita, na maadui wanaoendeshwa na mashine wanawajia kwa mafungu. Kila fungu ni zito kuliko lililopita. Mkilimaliza mnapata pumzi kidogo, kisha linakuja jingine, mpaka mfe wote au mfike mwisho. Umaarufu wake ulianza mwaka 2008, Gears of War 2 ilipotoka na Horde: wachezaji watano, mawimbi 50. Mwaka uliofuata Halo 3: ODST ikaja na Firefight yake, na tangu hapo gemu nyingi za risasi za kubuni sayansi zimekuwa na kitu cha namna hiyo. Ni chache sana zilizokifanya vizuri.

Nafasi ya kwanza, kwa nyumba yenye televisheni moja na padi mbili, naipa Firefight ya ODST. Inapatikana ndani ya Halo: The Master Chief Collection kwenye Xbox One au Xbox Series, na watu wawili wanagawana skrini moja bila intaneti yoyote. Kwenye kompyuta mkusanyo huo hauna skrini ya kugawana, kwa hiyo usinunue toleo la kompyuta ukidhani ndugu wawili watakaa pamoja mbele yake.

Lipo jambo moja la kujua kabla ya kulipa. Diski ya mkusanyo huu ilitoka mwaka 2014, na wakati huo ODST haikuwemo. Firefight yake iliongezwa mwaka 2020 kwa njia ya mtandao. Mtu akikuuzia diski ya mkono wa pili, bado utalazimika kupakua. Mkusanyo mzima unapita GB 100, lakini unaruhusiwa kuchagua gemu unazozitaka tu: pakua ODST na Halo: Reach, ziache nyingine. Halafu, kabla hujaukata mtandao, ingia kwenye mipangilio uifanye konsoli hiyo kuwa Xbox ya nyumbani kwa akaunti iliyonunua. Usipofanya hivyo, siku intaneti itakapokosekana gemu itakataa kufunguka.

Mpango wa Firefight ni huu. Mawimbi matano ni mzunguko mmoja, mizunguko mitatu ni seti, na seti ikiisha kuna mzunguko mfupi wa ziada wa kukusanya pointi. Mnaanza na roho saba, na saba hizo ni za wote. Hapa ndipo uzuri wake ulipo. Mwenye pupa anayekimbilia katikati ya uwanja na kufa mara nne amekula roho za wenzake, na kila mtu anaona hesabu ikishuka kwenye skrini. Hakuna gemu nyingine ya aina hii inayomfundisha barobaro mwenye haraka kurudi nyuma upesi hivyo.

Kila mzunguko huwashwa fuvu linalobadilisha sheria. La kwanza, Tough Luck, huwafanya maadui wakwepe kila guruneti na kila gari. La pili, Catch, huwafanya wao warushe maguruneti ovyo. La tatu, Black Eye, ndilo linalomaliza timu nyingi: nguvu yako hairudi yenyewe mpaka umpige adui kwa mkono. Kwa hiyo mzunguko wa tatu ukianza, msiwamalize Grunt, wale adui wadogo dhaifu, wote kwa risasi kutoka mbali. Waacheni wawili watatu wakaribie, mpate wa kuwapiga ngumi nguvu zikipungua. Seti zinazofuata huongeza mafuvu mengine: Tilt, linalozidisha kinga na udhaifu wa kila adui, Famine, linalopunguza nusu ya risasi kwenye bunduki zinazodondoshwa, na Mythic, linaloongeza maradufu uhai wa maadui.

Silaha mnazoanza nazo ni bunduki ndogo isiyo na kelele na bastola yenye darubini. Bastola hiyo inaua kwa risasi moja ya kichwa, ila haifai kitu dhidi ya adui mwenye ngao. Suluhisho ni kugawana kazi. Mmoja hubeba bastola ya plazma, akaishikilia kitufe mpaka ijae, akaiachia kwa Brute, adui mkubwa mwenye ngao, na ngao inapasuka. Mwenzake aliyekwisha kulenga kichwa anamaliza. Wawili wakizoea mpigo huo, Brute wa kawaida hawawasumbui tena. Tatizo linabaki kwa kiongozi wao mwenye nyundo, ambaye akiwafikia hana mjadala. Kwake tumieni guruneti la plazma linalonata, na mtupieni kutoka pande mbili ili asijue amfuate nani. Hunter, jitu lenye deraya, naye hupigwa mgongoni, na hilo nalo linataka mtu wa kumvuta na mtu wa kumzunguka.

Boksi za dawa ukutani na risasi za akiba hujazwa upya mzunguko ukiisha, si wimbi likiisha. Timu nyingi hufa wimbi la nne kwa kuzitumia zote wimbi la pili. Aliyejeruhiwa kidogo asiguse boksi. Liachwe kwa atakayefika akiwa hoi. Kwa wanaoanza, chagueni uwanja wa Crater. Lost Platoon ni pana mno, ina magari, na watu wawili hawatoshi kuiangalia pande zote.

Kasoro zipo. Skrini ikigawanywa maandishi huwa madogo, na kwenye televisheni ya inchi 32 itabidi msogee karibu. Mchezo hauhifadhiwi katikati: stima ikikatika wimbi la kumi na tatu, mnaanza la kwanza. Lakini kila mzunguko ni kituo cha kawaida cha kuachia padi, na mkicheza nyumbani bila mtandao kitufe cha kusimamisha kinasimamisha kweli. Seti nzima huchukua kama nusu saa hadi dakika arobaini, kwa hiyo inaingia vizuri kati ya magharibi na isha kama hamjachelewa kuanza. Firefight ya Halo: Reach, ya mwaka 2010, ina uhuru zaidi wa kupanga sheria na kutafuta wenzako mtandaoni, ila sheria zikilegezwa, lile kapu la roho linapoteza uzito wake. Naiweka chini.

Kuhusu umeme, kwa kuwa ndio unaoua seti nyingi kuliko Brute: nunueni UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Xbox One S au PS4 Slim ikicheza haizidi wati 100 mara nyingi, na televisheni ya LED ya inchi 32 hula kati ya wati 40 na 60. UPS ya VA 650 yenye betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7 itawapa dakika kumi, pengine kumi na tano betri ikiwa mpya. Hazitoshi kumaliza seti, ila zinatosha kwa vile vipindi vifupi vya umeme kupotea na kurudi, ambavyo ndivyo vingi, na zinatosha kuizima konsoli kwa utaratibu bila kuharibu diski. Ruta nayo ichomekwe kwenye UPS hiyohiyo. Watu husahau, konsoli ikabaki hai na mtandao ukafa. Betri ya UPS kwenye joto la pwani huchoka mapema. Baada ya miaka miwili hivi ipimeni kwa kuchomoa plagi makusudi mkiwa hamchezi.

Wenye PS4, ambao ndio wengi, hawaipati Halo. Kwao jibu ni Killing Floor 2, na tukiweka kando suala la intaneti, naiona ndiyo gemu bora ya mawimbi iliyotengenezwa. Imetoka kwa Tripwire Interactive ya Marekani, Novemba 2016 kwa kompyuta na PS4, na mwaka uliofuata kwa Xbox One. Hadithi yake ni ya kampuni iitwayo Horzine iliyotengeneza viumbe vya vita kwenye maabara, viumbe vikatoroka. Wachezaji ni sita. Mnachagua mawimbi 4, 7 au 10, na baada ya la mwisho anakuja bosi.

Kila kuua kunaleta pesa, na kati ya wimbi na wimbi duka hufunguka kwa kama dakika moja, kila mara mahali tofauti kwenye ramani. Aliyekufa hurudi wimbi linalofuata akiwa na silaha za kuanzia na pesa kidogo. Kwa wakati huo wenzake wako na bunduki za bei, na yeye ana bastola. Timu isiyomsaidia itampoteza tena, na maadui hawapungui kwa sababu mmoja wenu ni fukara. Kwa hiyo kuna kitufe cha kumtupia mtu pesa, fungu moja moja, na kitufe cha kudondosha silaha aokote mwingine. Timu nzuri utaijua dukani: watu wanatupiana pesa kabla hawajafungua orodha ya bidhaa.

Mpangilio wa kununua ni huu, na dakika moja haivumilii kusitasita. Kwanza risasi na maguruneti, kipo kitufe cha kujaza vyote kwa mkupuo. Pili deraya. Tatu bunduki mpya, kama bado kuna kitu. Anayenunua bunduki kwanza na kukosa pesa ya risasi ndiye anayekimbia huku na huko katikati ya wimbi akitafuta boksi za risasi. Uzito nao una kikomo: vipande 15 kwa wengi, mwenye kazi ya Support akibeba zaidi. Bunduki mbili kubwa hazikai pamoja.

Kazi ziko kumi na kila mtu huchagua yake. Unaweza kuibadilisha kati ya mawimbi, mara moja tu kila mapumziko. Kila kazi hupanda mpaka daraja la 25, na kila madaraja matano unachagua ujuzi mmoja kati ya miwili. Kwa sita nashauri Field Medic mmoja, Commando mmoja, Support mmoja, Sharpshooter au Gunslinger mmoja, Demolitionist mmoja na Berserker mmoja. Medic hupiga vishale vya dawa kwa bunduki zake, na kuponya kunamlipa pesa, kwa hiyo hana haja ya kugombania kuua. Commando ndiye anayewaona Stalker wasioonekana na kuwaonyesha wengine, na akiua wakati mwendo wa kila kitu umepungua ghafla, anaurefusha wakati huo kwa timu yote. Mkikosa Commando, mtajua Stalker wamefika pale mgongo utakapokatwa. Support huchomelea milango upesi kuliko mwingine yeyote.

Juu ya milango: chomeleeni ili kupunguza njia za adui, sio kujifungia. Shikeni pembe yenye njia mbili za kuingilia, chomeleeni wa tatu ulio nyuma yenu, na mlango wa kutokea uwe wazi. Timu inayochomelea pande zote hujikuta Fleshpound, mmoja wa viumbe wakubwa, amevunja mlango mmoja na hakuna pa kukimbilia.

Kosa linaloua timu nyingi zaidi ni kumgusa mkubwa kwa risasi ndogo. Scrake, yule mwenye msumeno, hutembea polepole mpaka ajeruhiwe kiasi fulani. Hapo huanza kukimbia. Fleshpound hukasirika vilevile, na hata akikuona tu kwa muda mrefu bila kukufikia. Anayewapiga risasi mbili tatu za bunduki ndogo na kugeuka amewaachia wenzake balaa. Sheria ni kuwaacha wote wawili mpaka Sharpshooter na Demolitionist wawe tayari, kisha mpige kichwa kwa pamoja amalizike kabla hajafika. Na kabla ya Demolitionist kufyatua, Siren awe amekufa. Mayowe yake huharibu maguruneti na roketi hewani, na watu hupoteza risasi za thamani kwa kutokumtazama. Husk ana tangi mgongoni. Likipigwa hulipuka naye. Bloat asiuliwe miguuni penu, anamwaga sumu.

Wimbi likikaribia kuisha, mwacheni Clot, adui dhaifu, mmoja hai. Mtu mmoja amzungushe huku wengine wakiokota risasi, wakichomelea na kuponyana. Asizungushwe kwenye pembe nyembamba, kwani wa mwisho huongeza mwendo.

Bosi huchaguliwa kwa bahati. Patriarch akijeruhiwa hujificha na kukimbia kujidunga dawa, kwa hiyo wawili wenye mbio wabakie na risasi za kumfuata. Hans Volter ni kinyume: yeye hujiponya kwa kumkamata mchezaji na kumnyonya. Aliyejitenga na kundi ndiye dawa yake. Simameni karibu, ila si bega kwa bega, maana anarusha mabomu ya gesi.

Ubaya wa Killing Floor 2 ni kwamba haina skrini ya kugawana. Kila mchezaji anataka konsoli yake na mtandao wake, na kwenye PS4 lazima PS Plus, usajili wa kucheza mtandaoni, iwe imelipiwa. Aliye kwenye PS4 hakutani na aliye kwenye kompyuta. Ukicheza peke yako bila mtandao inakubali, na ni mazoezi mazuri ya kulenga, lakini kile nilichokisifu hapa hakipo.

Sasa mtandao wenyewe. Nyumba za kale za Mkomani zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mawimbi ya Wi-Fi ya 5 GHz hufa kwenye ukuta wa kwanza. Ruta ikiwa dakani, pale mlangoni, na konsoli ikiwa chumba cha ndani, utapata alama moja ya mtandao na kukatika kila dakika chache. Ya 2.4 GHz hupenya afadhali kidogo. Dawa ya kweli ni waya wa mtandao kutoka ruta hadi konsoli, upitishwe dirishani au juu kwenye uwazi wa kiwanda, yaani ua wa ndani. Waya wa Cat 5e au Cat 6 unafika mita 100 bila shida. Ni gharama ndogo kuliko padi moja, na huleta faida kubwa kuliko kuongeza kifurushi.

Kucheza kwenyewe hakuli bando sana. Gemu za aina hii hutumia makumi ya MB kwa saa, mara chache zikapita 150. Kinachomaliza bando ni masasisho, na hayo hujipakua usiku bila kuuliza. Zimeni upakuaji wa kujiendesha kama mnatumia data ya simu.

Kuchelewa kwa mawasiliano hakuepukiki pwani yetu, kwa sababu seva nyingi ziko Ulaya au Afrika Kusini na safari yote ni kwa nyaya za chini ya bahari. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, kila mchezaji wa Afrika Mashariki alihisi. Lakini hapa gemu za mawimbi zina ubora juu ya zile za kupigana mtu na mtu: adui ni mashine, hakuna mwenye mtandao wa Ulaya anayekuwahi risasi. Ucheleweshaji wa milisekunde 180 unaoharibu mechi ya kawaida, kwenye mawimbi unavumilika.

Hilo linahusu zaidi Warframe, ambayo ni ya bure kabisa, iko kwenye PS4, Xbox na kompyuta, na kwenye PlayStation haidai PS Plus. Humo wachezaji ni wanne na mashine ya mmoja wao ndiyo inayoendesha mchezo kwa wote. Mwenye mtandao imara ndiye awaalike wengine. Akiwa mwenye mtandao wa kubahatisha ndiye mwenyeji, maadui hurukaruka kwa watatu waliobaki, na akikatika mchezo wote husimama kutafuta mwenyeji mpya, mara nyingine vitu mlivyokusanya vikaleta utata. Kwenye mipangilio kuna kikomo cha ucheleweshaji cha kutafutia wenzako: kipandisheni juu. Kikiwa chini, gemu haioni mtu yeyote wa karibu na inakuanzishia mchezo wa peke yako.

Aina ya kuitafuta humo ni Survival. Hewa inapungua muda wote, na mnaiongeza kwa vidonge vidogo vinavyodondoka kwa maadui waliokufa na kwa minara inayoshushwa kutoka juu. Kila dakika tano zawadi moja, na baada ya ile ya kwanza mna hiari ya kutoka au kubaki. Hewa ni ya wote. Anayeita mnara hewa ikiwa bado imejaa anawaibia wenzake dakika za baadaye, subirini ishuke. Nekros ni mwenye thamani hapa kwa sababu uwezo wake wa Desecrate huwafanya maiti watoe vitu tena, vidonge vya hewa vikiwemo. Msitawanyike: mgawo wa pointi za kukua unawafikia walio ndani ya mita 50. Udhaifu wa Warframe ni mlima wa kujifunza. Saa nyingi za mwanzo utazitumia kuelewa kadi za kuboresha silaha, na gemu haielezi vizuri. Isitoshe, mtandaoni haisimami. Adhana ikikukuta, mnatoka wote au mmoja anakaa bila kucheza.

Gears nimeiacha nyuma ingawa ndiyo iliyoipa aina hii umaarufu, kwa sababu inataka mengi: watu watano, Xbox au kompyuta yenye nguvu, na mawimbi 50 yanayokula saa kadhaa. Lakini kwa mfuko wa pamoja hakuna inayoishinda. Katika Gears of War 4 ya mwaka 2016 kuna sanduku liitwalo Fabricator. Maadui wakifa wanaacha nishati, mnaikusanya, mnaiingiza sandukuni, na humo mnajenga vizuizi, bunduki za kujiendesha na makabati ya silaha yanayorudisha risasi kwa muda. Kila shilingi anayoitumia mmoja imetoka kwa wote.

Kwa hiyo mtu mmoja ajenge, naye ni Engineer, ambaye hujenga na kukarabati kwa unafuu. Scout ndiye mkusanyaji. Nishati anayoiingiza inapewa nyongeza, na Sniper akikimbilia kuikusanya yeye, timu imepoteza hiyo nyongeza. Sanduku liwekeni penye ukuta mgongoni na njia mbili zinazoonekana mbali. Vizuizi vikae hatua kadhaa mbele ya bunduki, adui akwame akiwa ndani ya shabaha. Vikibanana na maficho yenu, mtapigwa huku mmejifungia. Kabati la silaha liwe nyuma kabisa. Kila wimbi la kumi lina bosi, kwa hiyo wimbi la tisa msijenge kitu kipya, wekeni akiba ya kukarabati. Aliyekufa anaweza kurudishwa akiokotewa kitambulisho chake na kupelekwa sandukuni, kwa malipo, na hapo ndipo timu iliyomaliza nishati kwa bunduki za mapambo hujuta.

Kadi za kuimarisha kazi humo zinatoka kwenye vifurushi vya kubahatisha, na hilo ni doa. Unaweza kucheza Engineer wiki nzima na kupata kadi za Heavy. Gears 5 ya mwaka 2019 iliongeza mitambo ya nishati inayoibuka uwanjani na kuhitaji kulindwa, jambo lililoondoa uvivu wa kukaa pembe moja mawimbi yote 50, na nalipenda. Gears of War: Reloaded, iliyofika PS5, haina Horde. Wenye PlayStation wasiinunue kwa ajili hiyo.

Mass Effect 3 ya mwaka 2012 nayo ilikuwa na mawimbi bora, wachezaji wanne, mawimbi kumi na la kumi na moja la kutorokea, na kazi maalumu kwenye la 3, la 6 na la 10. Toleo jipya la Legendary Edition, la mwaka 2021, liliacha sehemu hiyo nje. Anayeitaka atafute gemu ya zamani.

Kwa anayeanza sifuri Lamu leo: Xbox One S ya mkono wa pili, padi mbili na Master Chief Collection. Kabla ya kulipa, iwasheni dukani kwa nusu saa gemu ikiendelea, msikilize feni na mpapase nyuma. Chomekeni waya wa HDMI mara kadhaa. Hewa ya chumvi hula tundu hilo mapema, na lililoliwa hupoteza picha ukigusa waya. Nyumbani iwekwe juu ya meza, nafasi ya upana wa mkono kila upande, mbali na dirisha la baharini. Leso ya kuifunika dhidi ya vumbi iwekwe ikiwa imezimwa na imepoa tu. Kila padi ya Xbox One hutumia betri mbili za AA: kwa kila padi nunueni nne za kuchaji, mbili ziwe kwenye padi na mbili kwenye chaja, kwa sababu padi ikizimika katikati ya wimbi gemu husimama nyumbani, lakini mtandaoni haisimami.